Mchicha wa Upanga: kasuku aliyefundishwa kung'ata

Picha iliyonifikia kwenye WhatsApp ilikuwa ya kidole gumba, ndege mwenyewe hakuwemo. Kidole kimezungushiwa kitambaa cha jikoni, damu imepenya, na chini yake ujumbe: "Kaka shikamoo. Tumuuze, au kuna dawa?"

Kidole kilikuwa cha baba mwenye nyumba. Aliyeandika ni mkewe. Mtuhumiwa ni Mchicha, kasuku wa kijani mwenye mdomo mwekundu, umri miezi 7, mkazi wa ghorofa ya tatu huko Upanga, Dar es Salaam, pamoja na baba, mama, kijana wa darasa la tano, bibi mzaa baba na dada wa kazi. Familia imeniruhusu kuandika, mradi nisiwataje majina. Mchicha hakuulizwa.

Nikawaambia kwanza wakioshe kidole kwa sabuni na maji mengi, kikivimba waende hospitali. Halafu nikauliza mambo mawili kabla sijapanda hata bajaji. La kwanza: ndege katoka wapi? Nauliza kila mara, kwa sababu kasuku wa kijivu yumo tangu 2017 katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini, na ndege wa porini wa nchi hii, hata wale kasuku wadogo wenye uso mwekundu wa huko Serengeti, hawafugwi kienyeji bila kibali. Mchicha ni wa aina nyingine, ile yenye asili ya Bara Hindi na ya ukanda wa Afrika unaopita kusini mwa Sahara, ambayo dume lake huota pete nyeusi na ya waridi shingoni. Alizaliwa tunduni kwa mfugaji. Pete bado hana, wala si ajabu: wengi huivaa wakishapita mwaka mmoja na nusu, wengine mpaka mwaka wa tatu. Kwa hiyo habari ya kwamba "ni dume" pale nyumbani ilikuwa ni imani tu.

La pili: anakula vizuri, kinyesi kikoje? Ndege mpole akibadilika ghafla, mshuku ugonjwa kabla hujamshuku tabia. Walishampeleka kwa daktari wa mifugo, mtu ambaye siku zake nyingi ni za kuku na mbwa, lakini alimpima uzito, akamsikiliza kifua, akamkagua kinywa na kinyesi. Mzima.

Nikaenda Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo mjomba," kijana akanipokea mlangoni, na kabla sijamaliza marahaba ananivuta sebuleni. Nikamwomba anionyeshe wanavyofanya siku zote, asibadilishe kitu. Akafungua mlango wa tundu, akaingiza mkono mpaka ndani, akamsukumia Mchicha kidole cha shahada tumboni. "Panda!" Mchicha akanyoosha shingo, akafungua mdomo, akauweka juu ya kidole. Kijana akarudisha mkono kwa kasi. Mchicha, ambaye mguu mmoja ulikuwa tayari umeinuka, akayumba, akapiga mabawa mara mbili, na ili asianguke akakibana kidole kwa nguvu zote.

"Umeona mjomba? Kaning'ata."

Nilichoona mimi ni kitu kingine, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu kisa chote kiko hapa.

Kasuku ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, na mdomo ndio mkono wake wa tatu. Mtazame anavyopanda waya za tundu: mdomo unatangulia, unashika, miguu inafuata. Taya lake la juu lina bawaba kwenye fuvu, linacheza, tofauti na letu. Ulimi nao ni mnene, anautumia kama sisi tunavyotumia ncha ya kidole. Basi akiletewa kitu apande, anakiuliza kwanza kwa mdomo: wewe ni ufito imara, au utaniangusha? Huko si kung'ata. Ngozi haiumii, inabanwa kidogo tu. Mtu asiyejua anashtuka, anaondoa mkono, ndege anapepesuka. Safari inayofuata ndege anakumbuka kwamba ufito ule hukimbia, kwa hiyo anaushika kwa nguvu zaidi. Mtu anashtuka zaidi. Mkipeana masomo hayo mara sita kwa siku kwa miezi miwili, mnapata kidole gumba kilichofungwa kitambaa.

Na kuna somo la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza. Siku ambazo Mchicha hakutaka kupanda kabisa, aligundua kwamba akibana sana mkono unaondoka. Alishajaribu lugha nyingine. Nilimwona mwenyewe asubuhi ile: mboni za macho zilikuwa zikitanuka na kusinyaa upesi upesi, manyoya ya kisogo yamesimama, mkia umefunguka kama kipepeo cha mkaa. Kwa mwenye kujua, hapo ameshasema hapana mara tatu. Hakuna aliyemsikia mpaka alipotumia mdomo, na mdomo ukamfanyia kazi papo hapo. Mimi nisingeacha njia inayofanya kazi, naye hakuiacha.

Halafu mabawa. Nilimwinua kwa ufito nikamtazama kwa pembeni: manyoya ya kurukia yamekatwa pande zote mbili. Aliyemuuza ndiye aliyeyakata, eti asitoroke. Ndege aliyeogopa ana mambo mawili ya kufanya, aruke au ang'ate. Hapa la kwanza lilikuwa limepunguzwa kwa mkasi.

Baba alikuwa na tiba yake. Akiumwa, anampiga Mchicha kofi dogo la kidole kwenye mdomo. "Ndege hawezi kunishinda nyumbani kwangu," aliniambia, bila ubaya, kama mtu anayetaja kanuni. Mama alikuwa akipiga kelele, kijana akicheka, na Mchicha alizifurahia zote mbili. Kwa kasuku kelele ni mazungumzo. Bibi hamgusi, anazungumza naye tu akiwa kwenye kiti chake. Dada wa kazi ndiye anayeingiza mkono tunduni kila asubuhi, anatoa sinia la kinyesi, anabadilisha maji, na hajawahi kung'atwa hata mara moja.

Nikamuuliza anafanyaje.

"Mimi simshiki. Namwambia, nipishe nisafishe. Akisogea naingiza mkono. Asiposogea nafanya kazi nyingine, nakuja tena."

Ningeweza kuondoka hapo hapo, kwa sababu sikuwa na somo bora kuliko hilo. Lakini watu hawashiki jambo mpaka waliandike, kwa hiyo niliwaachia daftari la kurasa 48 lenye safu tatu: nini kilitangulia, nini kilitokea, nini kilifuata. Yeyote atakayeng'atwa aandike, na saa. Wiki nzima wasibadilishe chochote.

Daftari lile ninalo kwa picha. Mwandiko wa kijana: "Saa 12 na nusu jioni. Nilikuwa nampiga video. Nikamwambia panda akakataa nikamsukuma. Kaning'ata. Nikamrudisha kwenye tundu." Wa mama: "Alikuwa begani katulia. Nikamshika nimtoe. Nikapiga ukelele." Wa baba, neno moja kila safu: "Hakuna. Kang'ata. Kofi."

Mara 19 kwa siku 7. Nyingi zilikuwa ndani ya tundu au mlangoni pake, yaani mtu kaingia chumbani kwa mwenzake bila hodi. Safu ya tatu, ukiisoma peke yake kutoka juu hadi chini, ni orodha ya malipo: mkono umeondoka, kelele zimepigwa, kijana kacheka. Na karibu zote zimeangukia baada ya saa 12 jioni.

Kulikuwa na siku moja tupu. Jumanne haikuandikwa kitu. Nilidhani wamesahau, nikauliza, mama akasema hapana, Mchicha aliamka malaika siku ile, hata yeye alishangaa. Bibi ndiye aliyekumbuka kwamba Jumatatu usiku umeme ulikatika saa moja na haukurudi mpaka asubuhi, watu wakalala mapema kama kijijini.

Nikaomba ratiba ya sebule. Taarifa ya habari saa mbili usiku, tamthilia mpaka saa nne, na siku za mpira wa Ulaya baba anakaa mpaka saa sita. Bibi anaamka kwa adhana ya alfajiri, anawasha taa. Tundu liko hatua mbili kutoka kwenye televisheni. Kasuku anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 12. Huko alikotoka jua likizama anajikunja mpaka lichomoze. Mchicha alikuwa akipata saa tano, zikizidi saba. Ukimnyima usingizi mtoto wa binadamu hivyo kwa wiki moja, jioni naye atakuwa na meno.

Dawa tuliyoanza nayo ilikuwa chumba cha bibi. Anayelala mapema pale nyumbani ni yeye tu, akishaswali Isha. Tundu likawa linahamishiwa kwake saa moja na nusu usiku, linafunikwa kanga upande mmoja ukiachwa wazi apate hewa. Bibi alilalamika siku mbili kuhusu harufu ya mbegu, kisha nikasikia anamwekea kanga aipendayo mwenyewe.

Ya pili ilikuwa ngumu kuliko zote: siku 10 bila mkono. Hakuna kidole, hakuna "panda", hakuna kumtoa kwa nguvu. Mlango unafunguliwa baada ya pangaboi kuzimwa, anatoka akitaka, anarudi akiona chakula. Kijana aliona ni adhabu yake yeye. Labda ilikuwa.

Baba hakuikubali kanuni hiyo wala hakuibishia. Alisusa. Akasema basi huyo ndege ni wenu, akaacha kumgusa kabisa, na kususa kwake kulitufaa kuliko hotuba yoyote ambayo ningempa.

Siku ya 11 tukaanza na kijiti cha mshikaki. Nilikikata ncha kali, nikakisugua kwenye sakafu mpaka kikawa butu. Alizeti zote ziliondolewa kwenye bakuli lake, zikawa mshahara. Chakula cha kawaida kilibaki: uwele, ulezi, vipande vya boga na karoti, mahindi mabichi, na mchicha, ambao kwa jina lake aliudharau. Karanga za bibi nilizikataa, kwa sababu karanga zilizokaa na unyevu wa Dar ni nyumba ya sumukuvu, na ini la ndege ni dogo. Parachichi usiombe, linaua.

Kijana anashika kijiti nje ya waya, hatua moja mbele ya Mchicha. Mchicha anakuja kukichunguza kwa mdomo, maana hicho ndicho anachofanya kwa kila kitu. Ule mgusano tu, kabla hajakitafuna, kijana anasema "vema" na kupitisha alizeti moja kwenye waya. Mara 10, kama dakika tano, asubuhi kabla ya chakula na jioni kabla ya giza, basi. Siku ya kwanza alikula alizeti nne, akageuza mgongo, na kijana akafunga duka bila kumbembeleza. Siku ya tatu alikuwa anakifuata kijiti toka mwisho wa tundu mpaka mwisho mwingine. Mdomo ule ule uliokuwa kesi sasa ulikuwa unafanya kazi ya kulipwa.

Hapo nikafanya kosa langu. Nilimwona anachangamka, nikawashauri mchana tundu likae balkoni apate mwanga na upepo. Ushauri wa kitabuni, mzuri kwa mji mwingine. Wiki ya tatu daftari likajaa tena: mara 13, na mojawapo ilikuwa ya kijana, sikioni. Nilipoteza siku nne nikiulizia chakula, usingizi, nani kavunja kanuni. Kwa simu nikawatuhumu wageni ambao hawakuwepo.

Dada wa kazi ndiye aliyenitoa gizani, kama kawaida. "Si wale kunguru. Saa kumi wanakuja kumzomea."

Mbele ya balkoni kuna mwarobaini, na kwenye mwarobaini kuna kunguru wale wa shingo ya kijivu, wa asili ya India, ambao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na leo wako pwani nzima. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na tundu lenye kasuku mchanga asiye na pa kujificha ni sinema kwao. Nilikwenda kushuhudia: watano kwenye ukuta wa balkoni, mmoja anavuta waya kwa mdomo. Mchicha kajibana, manyoya yamelala mwilini, kawa mwembamba kama kalamu. Saa moja ya hali ile, halafu kijana anatoka tuisheni, anaingiza mkono. Yeyote angeng'ata.

Tundu likarudi ndani, mgongo ukutani, dirisha likiwa pembeni badala ya mbele yake. Wiki iliyofuata mara 5.

Kupanda tulikufundisha upya, na neno lenyewe tulilibadilisha. "Panda" lilikwishaharibika; kwake lilimaanisha unakuja kusukumwa tumbo. Mama akachagua "karibu". Tulianza na ufito wa mkononi, siyo kidole: ufito unawekwa usawa wa miguu yake, hauendi tumboni, unasubiri. Kijiti cha mshikaki kinamwita kwa upande wa pili. Akiweka mguu mmoja, alizeti. Akirudisha mguu, sawa, hakuna aliyekasirika. Baada ya siku sita alikuwa anapanda ufito bila kijiti. Kisha kijana akawa anaushika ufito karibu zaidi na katikati, kila siku sentimita mbili tatu, mpaka siku moja mguu wa kushoto ukawa kwenye ufito na wa kulia kwenye kidole, na Mchicha hakuona tofauti.

Kazi ya kijana siku hiyo ilikuwa moja tu, na tuliifanyia mazoezi bila ndege, mimi nikiwa kasuku: mdomo ukija, mkono usiondoke. Nilimbana kidole kwa kibanio cha nguo, kidogo kidogo, mpaka akaweza kukaa bila kushtuka. Alicheka sana. Lakini Mchicha alipouweka mdomo juu ya kidole kukiuliza swali lake, safari hii kidole kilijibu.

Akibana kweli, tulikubaliana hivi: usipige kelele, usimdondoshe, usimpulizie usoni wala usimrudishe tunduni kama mfungwa, maana tundu ni nyumba yake na tunataka aipende. Mweke pale palipo karibu, meza au mgongo wa kiti, geuka, hesabu mpaka 10 kimya, rudi. Mama alishindwa kunyamaza mara tatu. Ya nne aliweza, machozi yakimlenga.

Na mdomo lazima upate kazi. Ndege wa umri huu ni mtafunaji, asipopewa cha kuchana atachana wewe. Tukamfungia ukindu uliosukwa nusu, magunzi ya mahindi, boksi za dawa ya meno zenye alizeti moja ndani. Bibi, ambaye zamani alisuka mikeka, alichukua idara ya ukindu yote.

Wafugaji wazoefu watasema kasuku wa aina hii hupitia kipindi cha ukorofi ndani ya mwaka wa kwanza, na hutulia wenyewe. Ni kweli kipindi kipo. Nimeona pia wanaoingia katika kipindi hicho na wasitoke, kwa sababu kila siku kuna mtu anayewalipa kwa kung'ata. Na kabla ya mwaka kuisha Mchicha alianza kubadili manyoya, mabawa yakarudi, na siku alipoweza kuruka kutoka kiti mpaka juu ya pazia sura yake ilibadilika. Nilimkatalia baba alipouliza kama tuyakate tena. Nyavu za madirisha zilitengenezwa badala yake, na fundi akalipwa na huyo huyo baba.

Wiki ya nane waliandika mara 2. Mwezi wa nne mara 1, nayo ilikuwa Idd, binamu watatu wamelizunguka tundu, mmoja kaingiza kijiko. Sikuihesabu kama ya Mchicha.

Hajawa malaika. Ukivaa pete atataka kuing'oa. Jioni akichoka anakunja mguu, anageuza uso, na anayemlazimisha anajitakia. Mikono ya baba ilibaki mbali kwa miezi mitatu, mpaka Mchicha mwenyewe alipokwenda kutembea juu ya mkono wa kiti chake wakati wa mpira, akavutiwa na vitufe vya saa yake. Baba hakusema kitu. Niliambiwa alikaa hajatikisika dakika 20, timu yake ikafungwa, na hakuinuka.

Mwezi uliopita nilipita kuwasalimu. Daftari lilikuwa jikoni juu ya friji, dada analiandikia mahesabu ya genge. Nikalifungua kwa mazoea. Safu tatu bado zipo, ila sasa ni kitu, bei, chenji. Nyanya 1,000. Vitunguu 1,000. Nazi 1,500. Mstari wa mwisho wa siku ile ulikuwa umeandikwa: "Mchicha, hakuna."

Nikamuuliza ni wa genge au wa tunduni.

"Wote wawili," akasema, akaendelea kukuna nazi.